Lore hakumnasa Data kwa undugu, alimnasa kwa njaa

Kibo_Kaskazini (mleta uzi)

Wakuu, salaam kutoka Moshi.

Nina hoja ambayo imenikaa moyoni muda mrefu, leo naileta barazani. Inamhusu Data, yule roboti mwenye umbo la mtu katika tamthilia ya Star Trek: The Next Generation, iliyorushwa Marekani kuanzia 1987 hadi 1994, na kaka yake Lore. Usiyeifahamu usiondoke, nitasimulia ya kutosha.

Kila ninapoizungumzia na watu, hukumu huwa ileile: damu nzito kuliko maji, ndiyo maana Data aliwatupa marafiki akamfuata kaka. Naipinga. Data hakumfuata Lore kwa ajili ya damu. Alimfuata kwa sababu Lore alikuwa na kitu ambacho Data alikitamani miaka yote, na ambacho marafiki zake, pamoja na mapenzi yao yote, hawakuwa na uwezo wa kumpa.

Tuanze mwanzo. Dakta Noonien Soong alimtengeneza Lore kwanza. Lore alikuwa na hisia kamili: wivu, kiburi, hasira, utani. Walowezi waliokuwa wakiishi na Soong kwenye sayari ya Omicron Theta wakamwogopa, wakataka azimwe. Soong akamfungua vipande vipande, kisha akatengeneza wa pili, Data, kwa sura ileile (mwigizaji ni mmoja, Brent Spiner, na Soong naye aliigizwa na huyohuyo). Ila safari hii akaacha hisia nje.

Hapo ndipo paliponiuma kwanza. Mdogo alinyimwa kwa sababu mkubwa aliharibu. Na sisi tunazijua familia ambazo baba aliacha kumwamini mtoto yeyote kwa sababu ya alichofanyiwa na kifungua mimba wake.

Katika sehemu iitwayo Datalore, ya 1988, Data na wenzake wa chombo cha Enterprise wanaviokota vipande vya Lore na kumuunga upya. Data anampokea kwa heshima zote. Lore anamlipa kwa kumwekea dawa kwenye kinywaji, anavaa sare yake, anajifanya ndiye Data, na anapanga kuwatoa wote kafara kwa lile dubwana la fuwele, lilelile alilowaitia walowezi zamani likawamaliza. Mwishowe anatupwa angani. Miaka inapita. Katika Brothers, ya 1990, Soong ni mzee anayekufa. Anamwita Data ampe chipu ya hisia aliyomtengenezea kwa mkono wake. Lore, ambaye ameokolewa huko angani, anafika naye, anamzima Data, anajifanya Data kwa mara nyingine, na chipu inawekwa kichwani mwake. Baba anaachwa na majeraha yanayomuua.

Sasa Descent, ya 1993, sehemu mbili. Lore amelikuta kundi la Borg (viumbe nusu mtu nusu mashine, wanaofikiri kwa akili moja) lililopotea njia, akajifanya kiongozi wao. Ile chipu anaitumia kumrushia Data hisia kutoka mbali. Kwa mara ya kwanza maishani Data anahisi kitu, na kitu chenyewe ni hasira. Mfungwa wa Borg anamuuliza: ili uhisi tena, ungemuua rafiki yako Geordi? Data anajibu ndiyo. Anawaacha wenzake, anakwenda kwa Lore. Na Geordi, rafiki wa karibu kuliko wote, anakuja kulazwa mezani afanyiwe jaribio la ubongo, na mikono inayolifanya ni ya Data.

Yeye hakusema hata siku moja "ninakwenda kwa sababu ni ndugu yangu." Alikuwa na njaa. Lore aliijua njaa hiyo vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa wametoka kwenye karakana moja. Ndugu mbaya ana hatari hiyo tu: anajua umepungukiwa wapi.

Nawasilisha. Tujadili kwa hoja.

---

Sakina_Juu

Mkuu, hoja nzuri, lakini umempunguzia Data mzigo kupita kiasi. Mimi niko Arusha, na wengi wetu hapa tulikua wakati Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ikikaa kwenye jengo la AICC, kile kituo cha mikutano cha kimataifa, mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Silinganishi mateso ya watu halisi na hadithi ya kwenye televisheni, Mungu aniepushe. Nachukua kanuni tu. Ibara ya 6 ya hati iliyoianzisha mahakama ile inasema kwamba kutenda kwa amri ya mkubwa wako hakukuondolei jukumu, ila kunaweza kuzingatiwa katika kupunguza adhabu. Kanuni ile ilitungwa kwa sababu kila aliyeshika silaha alikuwa na mtu wa kumnyooshea kidole.

Sasa mwangalie Data. Jibu lake la "ndiyo" kwa yule mfungwa lilitoka kabla hajaonana na Lore ana kwa ana. Hakuna aliyekuwa amemwekea bunduki kichwani. Na walipokutana, alimvua Geordi kile kifaa cha macho, akijua fika kwamba bila hicho Geordi ni kipofu. Njaa ni sababu, nakubali. Lakini wenye njaa ni wengi na si wote wanaomla jirani.

---

Fundi_Ngarenaro

Sakina, hapo lazima tutenganishe mambo mawili, kwa sababu kitaalamu hayalingani.

Lore alimfanyia Data vitu viwili. La kwanza, alirusha hisia. La pili, alizima ile programu ya maadili iliyomo ndani ya Data, inayomwambia hili linafaa, hili halifai. Anayetenda kwa amri ya mkubwa bado ana dhamiri, ameamua tu kutoisikiliza. Data alizimiwa dhamiri yenyewe. Mimi natengeneza vifaa vya elektroniki kila siku. Mashine ikivurugwa na ishara inayoingia kutoka nje, siwezi kusema mashine ina tabia mbaya. Nitatafuta ishara inatoka wapi. Na ndicho alichofanya Geordi akiwa mahabusu! Kwa macho yake yale ya kifaa aliliona wimbi linalotoka kwa Lore kwenda kwa Data, ndipo wakajua pa kuanzia. Picard, nahodha wa Enterprise, na wenzake walipopata njia ya kuiamsha tena programu ya maadili kwa mshindo wa nishati, Data alilisitisha jaribio.

Kingine ambacho watu hawakisemi. Lore hakumrushia hisia zote. Alichagua. Hasira, chuki, raha ya kuua. Furaha ya kawaida, huruma, upendo wa rafiki, hata tone hakumpa. Kama angempa zote, Data angemtazama Geordi mara moja tu na mchezo ungeishia hapo.

---

Kibo_Kaskazini (mleta uzi)

Fundi, hilo la kuchagua hisia sikuwahi kulitazama hivyo. Linaongeza uzito upande wangu. Aliye na njaa akaletewa sahani yenye sumu atakula, na hataijua sumu kwa sababu hajawahi kuonja chakula.

Sakina, nakuelewa. Ila kumbuka lile jibu la "ndiyo" lilitoka Data akiwa tayari anarushiwa ishara na maadili yake yamekwisha kuguswa. Yule mfungwa alikuwa na kifaa mkononi alipokuwa akizungumza naye.

---

Dada_wa_Pasua

Naomba niseme na mimi. Star Trek sijaiangalia yote, ila nimesoma uzi huu mpaka nikaacha kazi niliyokuwa nikifanya.

Mimi ni mwanachama wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana akiba, hapa Moshi. Wanaojua vikoba wanajua sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu tofauti, ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Ufunguo mmoja ulikuwa kwangu. Kaka yangu alikuwa mhazini. Yeye ndiye aliyenilipia ada ya chuo baba alipofariki. Alikuja nyumbani usiku, mwenye ufunguo wa pili ameshamlainisha, akanitaka na mimi nimpe wangu. Angerudisha kabla ya siku ya kugawana, alisema.

Kibo, kaka yangu naye hakutaja undugu. Alisema: "Unakumbuka nani alikulipia ada?" Basi. Akanyamaza akanitazama.

Wanawake wale wenzangu wengine wanauza mbogamboga Mbuyuni. Mmoja alinikalia hospitali nilipojifungua, hakuna ndugu yangu hata mmoja aliyekuwepo. Pesa ile ilikuwa ya jasho lao. Nilimnyima ufunguo, na asubuhi nikamwambia mwenyekiti wetu. Kaka alitolewa uhazini. Krismasi iliyofuata hakukaa meza moja nami, na mama aliniuliza mbele za watu kama nimefurahi.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Wewe unasema Lore alimshika Data kwa njaa. Mimi nasema kuna ndugu wanaokushika kwa deni, na deni ni gumu zaidi kwa sababu ni la kweli. Kaka alinilipia kweli. Lore alimlipia Data nini?

---

Meku_wa_Marangu

Binti yangu wa Pasua, pole sana, na ulilolifanya ni kubwa. Hao wenzako wakukumbuke.

Swali lako la mwisho nataka kulijibu mimi. Lore hakumlipia Data kitu chochote. Zaidi ya hapo, alichokuwa anampa kwa matone kilikuwa mali ya Data mwenyewe! Soong alitengeneza ile chipu kwa ajili ya Data. Lore aliiba kitandani kwa baba anayekata roho. Halafu anakuja na uso wa mfadhili kumgawia mwenye mali kidogo kidogo. Huku kwetu mlimani nimeyaona haya kwa macho: mkubwa ananyakua kihamba, shamba la urithi, alichoachiwa mdogo, kisha mdogo akija kusalimia anamkatia mkungu mmoja wa ndizi, na mdogo anashukuru.

Kwa hiyo wote wawili mna lenu. Njaa ilikuwapo. Deni nalo lilikuwapo, ila lilikuwa la uongo.

Sasa niseme la isale, maana vijana wa mjini wanalisahau. Kwa desturi ya Wachagga, mtu aliyekosa akitaka kusamehewa huenda na jani la isale kwa aliyemkosea. Ukipelekewa isale ni vigumu mno kukataa, hata kama kosa ni kubwa kiasi gani. Lakini isale haliendi lenyewe. Linabebwa na mtu anayekiri, na mara nyingi wapo wazee wanaomsindikiza. Lore, katika muda wote huo, ni lini alikiri? Alipomwambia Data maneno ya mapenzi ya kindugu mwishoni kabisa, alikuwa ameshapigwa, yuko chini, Data anakaribia kumzima. Neno zuri linalotoka pale tu mtu anaposhindwa si isale.

---

Sakina_Juu

Meku, shikamoo. Umenigusa. Lakini niruhusu nikuulize: je, kama lile neno lilikuwa la kweli? Mtu anaweza kuwa mwovu maisha yake yote na bado akampenda ndugu yake. Data akamjibu kwa kumuaga tu, akamzima. Mimi ile picha hainiachi. Sisemi alikosea. Nasema hakuna aliyebaki wa kumuuliza.

---

Meku_wa_Marangu

Marahaba mwanangu. Inawezekana lilikuwa la kweli. Hata mimi nadhani lilikuwa la kweli. Ila upendo wa Lore ulihitaji Data awe peke yake duniani, bila rafiki hata mmoja. Alipomtaka amuue Picard mbele ya kundi lote, alikuwa anamwambia: kata daraja la mwisho, ubaki na mimi tu. Data akakataa. Na Lore huyohuyo, ndugu mwenye upendo, papo hapo akageuka amuue Data. Kama si Hugh kumrukia, hadithi ilikuwa inaishia hapo.

---

Kibo_Kaskazini (mleta uzi)

Meku umemtaja Hugh, na mimi sikumtaja pale juu, ilhali ndiye anayenifikisha mbali zaidi katika hoja hii.

Kwa wasiojua: Hugh ni kijana wa Borg aliyeokolewa na watu wa Enterprise katika sehemu ya I, Borg, ya 1992. Borg hawana majina, hawasemi "mimi". Geordi ndiye aliyekaa naye, akampa jina, wakawa marafiki. Aliporudishwa kwa wenzake, ule "umimi" aliokuwa amejifunza ukawaambukiza, wakavurugika, hawajui tena kuishi. Ndipo Lore akawakuta. Watu wenye njaa ya mtu wa kuwaambia wafanye nini. Aliwapa shabaha, na huku akiwafanyia majaribio yaliyowaacha wengine vilema, ambao Hugh aliwaficha chini ya ardhi.

Mnaona? Njia ni moja. Kwa Data njaa ya hisia, kwa Borg njaa ya uongozi. Angekuwa na undugu kama silaha yake kuu, isingefanya kazi kwa Borg, maana wao si ndugu zake. Na aliyemzuia mkono ni rafiki wa Geordi, yaani urafiki ulioanzia kwenye chumba cha mahabusu ndio uliookoa maisha ya Data.

Tukitaja urafiki, nawakumbusha pia The Measure of a Man, ya 1989. Mtaalamu mmoja alitaka kumfungua Data amchunguze, akidai ni mali ya jeshi lao kama chombo chochote. Picard alisimama mbele ya hakimu kumtetea mpaka Data akapewa haki ya kujichagulia. Hisia hawakuweza kumpa, lakini walimpa heshima ya kuwa mtu. Ndiyo maana naona uchungu wa Descent ni mkubwa namna ile: upande mmoja waliokupa jina la mtu, upande mwingine aliyeshika kile kinachokufanya ujisikie mtu.

---

Mwana_wa_Kaloleni

Naomba nipinge mada yenyewe. Mnasema undugu haukuwa kitu kwa Data. Mbona mwaka 1990, katika The Offspring, alijitengenezea mtoto wa kike, Lal, na kumpoteza kulimpa kumbukumbu asizotaka kuzifuta? Mbona katika filamu ya Nemesis, ya 2002, walipoliokota roboti jingine la Soong, B-4, lenye akili pungufu, Data alimtambua kama ndugu na akamnakilia kumbukumbu zake zote ili apate nafasi ya kukua? Huyu ni mtu aliyelilia familia tangu mwanzo. Baada ya yote aliyofanyiwa na Lore, mtu asiyejali damu angemwacha B-4 kwenye sanduku.

Mimi ni wa tatu kati ya watoto saba. Kaka mkubwa kwetu aliharibu sana. Lakini sauti yake nikiisikia kwenye simu, kabla sijakumbuka kosa lolote, kwanza nafurahi. Hiyo furaha haina cha njaa wala deni. Ipo tu.

---

Kibo_Kaskazini (mleta uzi)

Kaloleni, hapa narudi nyuma hatua moja, na narudi kwa hiari. Niliandika kama vile undugu haukuwapo kabisa. Ulikuwapo. B-4 ni ushahidi ambao siwezi kuupangua. Nabaki na hili: undugu ndio uliomfanya Data afungue mlango mwaka 1988, akamuunga Lore na kumkaribisha. Uliokuja kumtoa kwa wenzake mwaka 1993 ulikuwa mkono mwingine. Ukiwa na ndugu kama huyo wako, furaha ya kusikia sauti yake ibaki kuwa furaha. Siku akiomba kitu ambacho ni cha watu wengine, hapo swali limebadilika, na dada yetu wa Pasua ametuonyesha linavyojibiwa.

Na kuna jambo dogo la Descent nalipenda sana. Aliyemzima Lore ni Data mwenyewe. Hakumwachia Picard, hakumwachia Hugh na kundi lake waliokuwa na kila sababu ya kulipiza. Alimfuata mwenyewe, akafanya mwenyewe, na hakusherehekea.

---

Dada_wa_Pasua

Na ile chipu aliifanya nini?

---

Fundi_Ngarenaro

Dada, alikuwa tayari kuiharibu. Alisema kitu kilichomfanya amdhuru rafiki hakifai kubaki. Aliyemzuia ni Geordi, huyohuyo aliyelazwa mezani. Akaichukua akamwambia aitunze, siku moja huenda atakuwa tayari. Hapo mimi huwa sioni vizuri, machozi tu.

Aliiweka mwaka 1994, kwenye filamu ya Generations. Na hisia zilipomjia zote kwa pamoja, hofu ilimgandisha, Geordi akatekwa mbele yake asiweze kunyanyua mkono. Safari hii hakukuwa na Lore wa kulaumiwa. Na bado walibaki marafiki.

---

Dada_wa_Pasua

Nataka kuiangalia na wanangu na mama pia yupo. Niangalie kwa mpangilio gani?

---

Kibo_Kaskazini (mleta uzi)

Anza na Datalore. Ina umri, picha zake zitaonekana za kizamani, vumilieni. Halafu The Measure of a Man, kisha Brothers. Ndani ya Brothers kuna visa viwili, na kile cha watoto wawili wa kiume, ndugu, mmoja anaumwa kwa sababu ya utani wa mwenzake, msikipuuze, kimewekwa hapo makusudi. Ifuate I, Borg ili mumjue Hugh, ndipo Descent zote mbili usiku mmoja, maana ya kwanza inakatika pabaya. Generations baada ya hapo.

Mwambie mama kwamba Geordi ni LeVar Burton, yule aliyekuwa Kunta Kinte kijana kwenye Roots ya 1977. Macho yamefunikwa, ila sauti ataitambua.